Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: tuhesabu miti iliyo hai

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Kila tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, vijana wa Kipaimara wa sharika na parokia za mteremko wa kusini wa Kilimanjaro huitwa kupanda. Wanakuja, picha zinapigwa, na taarifa inataja idadi ya miche iliyopandwa. Oktoba, kiangazi kikiisha, hakuna anayerudi kuhesabu. Ombi letu ni moja: fomu ya taarifa iongezwe safu ya miti iliyo hai.

Mwanzo 2:15 inasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kulima hatujambo. Kutunza ndiko kunakotushinda, labda kwa kuwa hakuna mgeni rasmi.

Miche mingi inapofika kwetu imeshaharibika, ingawa majani ni mabichi. Mche uliokaa mno kitaluni mizizi yake hugota kwenye kitako cha kiriba, yaani mfuko wa plastiki unaooteshewa mche, ikaanza kujizungusha. Ukipandwa hivyo, mizizi haishuki; inaendelea kuzunguka palepale. Masika mti unapendeza, Agosti unanyauka, na usipokufa, upepo utauangusha miaka michache baadaye. Dawa inaanzia kitaluni: mizizi ikichungulia chini ya kiriba, mche unyanyuliwe na mizizi hiyo ikatwe, mwezi wa mwisho maji na kivuli vipunguzwe kidogo kidogo ili ukomae. Siku ya kupanda, kiriba kipasuliwe kwa wembe ubavuni na kivuliwe chote. Vijana wengi hutoboa kitako tu na kufukia, wakiogopa udongo usimwagike wakakemewa. Udongo humwagika kwa sababu mche haukumwagiliwa jana yake. (Na viriba vikusanywe. Kupanda mti na kuacha plastiki kwenye mfereji ni kazi ya kushangaza.)

Mashimo yachimbwe Februari, sentimeta 60 kwa 60. Udongo wa juu utengwe, uchanganywe na debe la samadi iliyooza, nao ndio urudi kwanza. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ilingane na usawa wa ardhi. Shina likifukiwa linaoza. Kwenye mteremko, kingo ya nusu duara ijengwe upande wa chini ili maji yatuame. Matandazo ya majani makavu ya mgomba yanafaa sana, mradi yakae kiganja kimoja mbali na shina, la sivyo yanaalika ukungu na mchwa.

Kuhusu aina, tunasema wazi: mikaratusi isiletwe tena kwa ajili ya chemchemi. Ni mti mzuri wa nguzo na kuni, lakini hunywa maji mengi. Upandwe sehemu zake, mbali na vyanzo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeshaweka mita 60 za kulinda kingo za mito. Hapo tuletewe mringaringa na mkuyu. Ezekieli 34:18 inawakemea wanaokunywa maji safi kisha wakawachafulia wengine kwa miguu yao, na kwenye mifereji yetu kila mtu ana jirani aliye chini yake.

Miche ifike kabla ya tarehe 15 Machi. Ikija mwishoni mwa Mei inakuta mvua zinaaga, na mizizi haijashika. Kila kijana akabidhiwe miche isiyozidi mitano, kwa jina, aipalilie mita moja kuzunguka shina na kuizungushia miiba, maana mbuzi hasomi tangazo. Kiangazi cha kwanza, ndoo ya lita 10 kwa kila mti mara moja kwa wiki inaweza kuuvusha.

Mwishoni mwa Oktoba tuhesabu, kisha mapengo yazibwe na mvua za vuli. Watu wa kuhesabu tutawatoa sisi. Daftari tumeshalichora: aina ya mti, mahali, aliyekabidhiwa, hai au umekufa, na sababu. Nakala tutaileta ofisini kwako siku utakayotupangia.

Wanakamati wa mazingira wa sharika na parokia