Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa EPRA: Tuwashe sola nyumbani huku tukingoja kibali

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli,
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Baada ya salamu, mimi ni fundi wa stima wa Kisauni, Mombasa, mwenye leseni ya sola ya daraja la T3. Wewe daraja hilo unalijua, ila barua hii itasomwa na wengi: kanuni za sola za mwaka 2012 zilitugawa mafundi kuanzia T1, anayefunga taa mbili tatu na redio, hadi T3, anayeruhusiwa kugusa mifumo iliyounganishwa na gridi, yaani waya za umeme wa taifa. Kazi yangu iko juu ya mapaa ya Bamburi, Nyali, Tudor na Mikindani, nikigombana na kutu ya chumvi na matangi ya maji yanayotia paneli kivuli.

Nina swali moja ambalo wateja huniuliza kila mara. Paneli zimepanda, betri imefungwa ukutani, inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani, imejaribiwa, karatasi za kuomba kuunganishwa na gridi zimepelekwa. Kibali hakijatoka. Je, mwenye nyumba awashe au angoje?

Waulize mafundi watatu wa mji huu, utapata majibu matatu. Wa kwanza atakwambia zima kila kitu mpaka wakaguzi waje. Wa pili: we washa tu, nani atapanda huko juu kuangalia? Wa tatu atasema washa, lakini hakikisha hata wati moja haitoki nje ya mita. Mimi ni huyo wa tatu, na ninachotaka ni maandishi yako yaseme kama niko sawa. Kwa sasa nasimamia maoni yangu mwenyewe, na maoni ya fundi hayatamsaidia mteja siku mtu mwenye kitambulisho shingoni atakapombishia mlango.

Nionavyo mimi, mambo mawili yametiwa kapu moja. La kwanza ni mtu kutumia jua lake ndani ya nyumba yake. La pili ni kusukuma umeme kwenye waya za nje na kuhesabiwa. Sheria ya Nishati ya 2019 haikuyachanganya. Anayezalisha umeme wa kutumia mwenyewe, usiozidi megawati moja, haikumdai leseni. Megawati moja, yaani kilowati elfu moja! Nyumba ya vyumba vitatu Bamburi, yenye friji, pampu ya maji na feni nne, kwa kawaida haifiki hata kilowati tano. Kisha kifungu cha 162 kikafungua mlango wa pili, wa yule anayetaka ziada yake ipokewe na gridi, na mlango huo ukaja na masharti yake: mkataba na mwenye waya, yaani kampuni ya umeme, mita ya kupima pande mbili, na kwa kanuni za mwaka 2024, kuhesabiwa nusu tu ya yuniti unazotoa. Wako wanaoinung'unikia nusu hiyo. Mimi simo, maana nguzo na transfoma hazikujijenga. Ninacholalamikia ni kwamba masharti ya mlango wa pili yanatumika kuufunga wa kwanza.

Hebu pita Barabara ya Digo wakati stima imekatika. Jenereta zinaamka kando ya njia moja baada ya nyingine, moshi puani mwa wapita njia, na sijasikia hata moja iliyokaa dukani miezi ikingoja ruhusa. Zilinunuliwa asubuhi, zikanguruma jioni. Kinachotakiwa ni swichi ya chenjiova, ile inayohakikisha nyumba inakula upande mmoja kwa wakati, ama gridi ama jenereta. Betri ya sola iliyofungwa kwa mtindo huohuo haina hatari zaidi kwa waya za nje kuliko jenereta, na kelele haina kabisa. Ya petroli iende, ya jua ikae?

Nisieleweke kwamba nadharau kibali. Sababu yake naijua kuliko wengi wanaokilaumu. Stima ikikatika, vijana wa laini hupanda nguzo kutengeneza. Inveta iliyofungwa ovyo ikiendelea kusukuma volti 240 kutoka ndani ya nyumba, zikapita kwenye transfoma kinyumenyume, upande wa pili zinatoka 11,000. Kijana aliye juu hana habari kwamba kuna nyumba inamsukumia umeme kutoka chini. Inveta nzuri zimetengenezwa kujizima zenyewe gridi inapopotea, kwa muda mfupi sana, na zile za betri hukata kwanza uhusiano na nje ndipo ziendelee kuilisha nyumba. Lakini hilo huthibitishwa kwa kupimwa, haitoshi kusoma kijitabu kilichokuja ndani ya katoni. Mkaguzi akija kulipima, nitamshikia ngazi.

Kutotoa umeme nje nako kuna ufundi wake. Kwenye waya unaotoka kwenye mita, kabla haujafika kwenye boksi la swichi, tunavalisha klampu ndogo nyeusi inayopima mkondo na kuijulisha inveta: sasa nyumba inavuta, sasa inatoa. Umeme ukianza kuelekea nje, inveta inajipunguza. Klampu hiyo ina mshale uliochorwa ubavuni, mdogo mno, na jasho likikuingia machoni huuoni. Ukiivalisha kinyume, inveta inadhani nyumba inavuta hali inatoa, basi inazidi kusukuma.

Niliitwa Bamburi kwa mama mmoja aliyefungiwa hivyo na fundi ambaye simu yake haipatikani tena. Alinipokea mlangoni ameshika kile kidude cha kubonyezea tokeni. "Fundi, hii sola yanila tokeni!" Nikadhani ni mzaha. Ilikuwa saa saba mchana, jua utosini, na yuniti zinashuka kuliko usiku. Mita yake, kama baadhi ya mita za tokeni zilizoko majumbani, haijui mbele na nyuma; umeme ukipita, kwake umetumika. Mama alikuwa anawapa watu stima kisha anailipia mwenyewe. Nilizima, nikaigeuza klampu, tukakaa kibarazani tukikitazama kile kidude mpaka namba zikatulia.

Nimelieleza hilo kirefu kwa sababu linajibu hofu ninayoisikia zaidi, kwamba watu wakiruhusiwa kutumia kabla ya kibali watarudisha umeme kwa siri. Warudishe wapate nini? Kabla ya mita ya pande mbili kufika, anayetoa umeme nje hapati hata senti, na mwenye mita kama ya yule mama anakatwa juu yake. Aliye na akili timamu atakuja mwenyewe kuniomba nihakikishe hautoki.

Kungoja kuna gharama, na mlipaji ni mwenye nyumba peke yake. Mteja wangu mmoja wa Mikindani, mwalimu, alichukua mkopo wa sacco. Makato yakaanza kabla hajawasha hata taa moja. Kila alipokwenda kuuliza, ofisi aliyopeleka karatasi ilimwambia faili iko kwa mtu aliye kwenye semina. Semina gani isiyokwisha, sijui. Huku nyuma akawa analipa mkopo wa sola na tokeni kwa pamoja, na mwenye kutumia zaidi ya yuniti 100 kwa mwezi anajua bei inavyopanda kwa ngazi, 30 za kwanza, kisha hadi 100, kisha huko juu.

Betri nayo si gunia la mchele uliweke stoo likungoje. Joto letu la kaskazi, Januari na Februari, linaizeesha betri ya lithiamu hata ikiwa imekaa tu, na zaidi ikiwa imekaa imejaa pomoni. Ikiachwa miezi bila kuchajiwa, kile kisahani cha umeme kinachoilinda ndani yake kinaendelea kunywa kidogokidogo mpaka inashuka chini ya kiwango, na siku unayotaka kuiwasha haiamki. Ukirudi dukani unaambiwa dhamana haihusu betri iliyoachwa kufa. Nani atamfidia mtu huyu? Aliyemwambia angoje?

Kuna na faida kwa gridi, ingawa hilo mnalijua huko kwenu kuliko mimi. Nyumba zetu huvuta stima sana kuanzia magharibi, watu wakirudi kazini, taa, feni, pasi na televisheni zote kwa pamoja. Paneli saa hizo zimelala. Ni betri iliyojazwa mchana inayopunguza mzigo. Kila nyumba inayojilisha saa hizo za usiku ni mafuta kidogo yasiyochomwa kwenye mitambo ya umeme ya Kipevu na Rabai, na gharama ya mafuta hayo sote tunaiona kwenye mgawanyo wa tokeni, imekaa mstari wake peke yake.

Halafu kuna giza lenyewe. Tarehe 25 Agosti 2023, usiku wa Ijumaa, nchi karibu yote ilizimika. Ikazimika tena tarehe 11 Novemba, na tena 10 Desemba mwaka uleule. Mwaka uliofuata, Septemba, tukazimika asubuhi. Mwenye paneli zisizo na betri, siku kama hizo, hana analopata hata jua likiwaka, kwa sababu inveta yake imejizima pamoja na gridi, na ndivyo inavyotakiwa. Mwenye betri ndiye aliyeokoa samaki wake kwenye friza na insulini ya mzazi wake. Kumwambia mtu ambaye betri iko ukutani mwake, nzima, imefungwa na fundi mwenye leseni, kwamba akae gizani kwa sababu hajapata ruhusa ya kuuza umeme ambao wala hauuzi, ni neno gumu kulitamka mbele ya mama mwenye mtoto mchanga. Mimi nimelitamka. Wateja walinitazama kama mwendawazimu.

Lakini hoja iliyonifanya nishike kalamu ni nyingine. Wapo wasioomba kabisa. Wameona jirani alivyosumbuka, wakakata shauri: tufunge, tuwashe, tunyamaze. Humuita fundi wa usiku, asiye na leseni, wanachukua inveta ya bei ya chini, na hakuna ofisi yenye habari kwamba nyumba hiyo ina chanzo cha pili cha umeme. Kijana wa laini anapopanda nguzo ya mtaa huo, ramani aliyonayo si ya kweli. Nikitembea Kisauni naziona paneli mpya juu ya mapaa kila mwezi, na wanaponiita baadaye kurekebisha, nikiuliza karatasi naambiwa, "Fundi, tusiingie huko." Ugumu wa kibali ndio unaowaficha watu, na ni kufichika kwao kunakoweza kuua.

Ninachoomba hakihitaji kupelekwa bungeni. Toa ilani ya ukurasa mmoja, Kiswahili na Kiingereza, ibandikwe katika ofisi zote za umeme na kwenye maduka ya sola. Iseme kwamba nyumba iliyokwisha kuomba kuunganishwa inaweza kutumia paneli na betri zake kwa matumizi ya ndani wakati ombi linashughulikiwa, ili mradi haitoi umeme nje. Fundi wa T3 atie sahihi kwamba amekata gridi kwa makusudi, akapima, na hakukuta volti kwenye waya za nje. Mpangilio wa kutotoa umeme ufungwe kwa nywila anayobaki nayo fundi. Pembeni mwa mita kuwe na kibandiko cha rangi kali kinachosema nyumba hii ina betri na swichi ya kuizima iko wapi, na nakala ya fomu iende kwa wenye laini, wajue. Betri isifungwe chini ya ngazi wala chumba cha kulala. Na mwenye paa la makuti asiniite, kwa sababu cheche moja tu inatosha. Hilo hata ilani yako ikiliruhusu mimi sitalifanya.

Kisha weka siku. Idadi uipange wewe na wahandisi wako, mnajua ofisi zina watu wangapi. Siku hizo zikipita bila ukaguzi, mwenye nyumba asipewe haki ya kurudisha umeme, la hasha, ila aendelee kutumia wake bila kuguswa mpaka mkaguzi atakapofika. Aliyechelewa abebe mzigo wa kuchelewa kwake.

Na kama jibu lako ni hapana, kwamba mfumo ukae umezimwa mpaka kibali kitoke hata ukiwa hautoi umeme nje, basi hilo nalo liandikwe, na kifungu kinachosema hivyo kitajwe, nipate kuwaonyesha wateja kabla hawajakwenda kukopa.

Wako mtiifu,
Fundi wa stima na sola,
Kisauni, Mombasa.