Mlima bila theluji: barua kwa binamu yangu wa Dar

Binamu,

Salamu zako zimefika, pamoja na lile neno lako kwamba mlima bila theluji ni kichuguu. Sawa. Ila ukija mwezi wa saba, acha nyumbani hivyo vishati vyako vya kwenda ufukweni Coco. Hapa Dodoma mjini penyewe, kwenye mita kama 1,100, upepo wa Julai unatuvalisha makoti hadi saa nne asubuhi. Ninakotaka twende ni mara tatu ya hapo kwa urefu: Mlima Hanang, mita zaidi ya 3,400.

Tutapanda basi kituo cha Nanenane hapa Dodoma alfajiri, tupite Kondoa hadi Babati, kisha tushike njia ya Singida mpaka Katesh, mji ulio chini ya mlima. Usilale njiani. Vilima vya Kondoa viliwahi kuliwa na mmomonyoko hadi mwaka 1979 serikali ikaamua mifugo iondolewe; leo utaona vichaka vimerudi kwenye makorongo. Na pale Kolo kuna michoro ya miambani iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Ukitaka kuiona, tushuke, lakini ni mwendo wa kupanda mawe, nakuambia mapema.

Sasa mlima wenyewe. Unaanza na mashamba, unaingia msituni, halafu nyasi, halafu mawe. Msitu hausumbui sana. Kazi iko kwenye mgongo wa juu: unakiona kilele, unajikokota, unafika, kumbe chenyewe kiko mbele. Unaenda tena, hadithi ile ile. Hapo ndipo baridi inapokukuta, maana jasho ulilotoka msituni linageuka barafu mgongoni mara upepo unapokupiga. Kwa hiyo beba shati kavu la kubadilisha, sweta, kofia ya sufu na koti la kuzuia upepo. Maji tubebe yote kutoka Katesh. Wapo wanaopanda na kushuka siku hiyo hiyo. Mimi napendelea tulale hemani, kwa sababu magoti yako nayajua.

Kukiwa kweupe utaona Ziwa Balangida chini, lile la chumvi, na upande wa Basotu mashamba makubwa ya ngano. Yale yalianzishwa na serikali kwenye malisho ya wafugaji wa Kibarbaig, na kesi zake zilifika mahakamani. Mandhari nzuri, ila ina wenyewe.

Masika sikupeleki, wala Desemba. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe vilishuka kutoka mlimani hadi Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Tafadhali usiende kuwahoji watu juu ya msiba wao huku umeshika simu.

Mlima uko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, kwa hiyo kibali tutalipia kwao, na mwongozaji awe kijana wa pale pale. Sitaki ule ujanja wako wa kubishana bei mpaka mtu ajute kukufahamu. Kulala, tutalala gesti ya Katesh, usiku mmoja kabla na mmoja baada, na tukiangukia siku ya mnada, nyama choma juu yako.

Likizo yako ikipitishwa nitumie tarehe, nianze kutafuta hema. Na buti uzivae hapo Kariakoo wiki nzima kwanza, zisije zikakuchubua huku.