Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo: Meza ya pool isiyo na bia nayo ipewe asubuhi

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Nakuandikia kutoka Igoma, Mwanza, kuhusu amri ya viongozi inayokataza pool kuchezwa asubuhi, meza moja ya pool na binti aliyekuwa akifanyia mazoezi hapo hadi Desemba iliyopita.

Chumba changu hakiuzi bia. Nilikikodi makusudi ili kisiuze. Kuna meza ya futi saba, benchi, ndoo ya maji ya kunywa na ubao wa kuandikia matokeo. Mimi mwenyewe pool nimeichezea baa miaka mingi, kwa sababu meza zilikuwa huko, na nimeona vijana wenye mkono mzuri kuliko wangu wakiishia kwenye chupa, maana kila aliyeshinda alinunuliwa bia. Nilipopata uwezo nikaamua kuitenga meza na kaunta.

Binti huyo ana miaka 17, alikuwa ametoka kumaliza kidato cha nne. Mama yake anauza dagaa, na alimruhusu baada ya kuja kukikagua chumba mwenyewe. Kila asubuhi binti aliiweka nyeusi palepale, karibu na shimo la kati, akachora alama ya chaki mahali anapotaka nyeupe, yaani mpira unaogongwa kwa fimbo, isimame, akapiga. Akairudisha, akapiga tena. Mara hamsini kabla ya kucheza na mtu. Asiyeujua mchezo huu anadhani kazi ni kuingiza mpira. Kazi kubwa ni kujua nyeupe itakwenda wapi, maana pigo linalofuata linaanzia hapo. Ukiigonga chini inarudi nyuma, ukiigonga juu inaufuata mpira ulioupiga. Yeye alikuwa ameshaanza kuiambia isimame, nayo ikasimama.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, wakaja mgambo na ofisa mmoja. Nikaambiwa pool ni starehe ya jioni. Nikaeleza kwamba hapa hakuna kileo, wakaniambia meza ni meza. Wakachukua fimbo nne na mipira yote. Binti alikuwa amesimama ukutani, chaki mkononi. Jioni mama yake akaja akaniambia, "Mwalimu, mimi nilijua ni michezo. Kumbe ni mambo ya kukamatana." Toka siku hiyo hajamrudisha, na siwezi kumlaumu.

Mheshimiwa, hofu ya viongozi naielewa. Vijana wanaoshinda kwenye pool asubuhi wakichezea dau wapo, nimewaona. Ila amri ikiishia kuitazama meza bila kuangalia inafanyiwa nini, pool inabaki mali ya baa, kwa saa za baa. Kijana wa kiume atajipenyeza. Msichana wa miaka 17 hana pa kwenda kabisa.

Ufilipino walipita njia nyingine. Efren Reyes, aliyezaliwa 1954 katika jimbo la Pampanga, alikulia kwenye ukumbi wa pool wa mjomba wake jijini Manila. Alikuwa mdogo kiasi cha kusimama juu ya kreti za soda ili aifikie meza, na usiku alilala juu ya meza hizohizo. Mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia huko Cardiff, Wales, na watoto wa nchi nzima wakataka fimbo. Nchi hiyohiyo ikamtoa Rubilen Amit, mwanamke aliyetwaa ubingwa wa dunia wa pool ya mipira kumi mwaka 2009 na 2013, kisha ule wa pool ya mipira tisa mwaka 2024 kule New Zealand. Huyo ndiye niliyemwonyesha binti yule kwenye simu yangu. Aliitazama fainali ile mara mbili, bila kusema neno.

Nayo si michezo ya kupotezea muda. Mwaka 2024 mashindano ya dunia yalifanyika Jeddah, zawadi zote jumla dola 1,000,000, na bingwa, Fedor Gorst, akaondoka na dola 250,000. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inalitambua shirikisho la dunia la michezo ya fimbo na mipira tangu 1998.

Hapa nyumbani tulikuwa na mashindano ya Safari Pool, yakidhaminiwa na bia ya Safari. Nashukuru kwa moyo wote, maana bila udhamini ule wachezaji wa mikoa tofauti tusingefahamiana. Lakini mchezo unaolelewa na bia peke yake utaendelea kukaa nyumbani kwa bia. Halafu kuna jambo la meza. Hizi zetu za kutumbukiza sarafu ni za futi saba. Kwenye ubingwa wa dunia wa mipira tisa wanatumia za futi tisa, na ni lazima uanze kugusa mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki. Futi mbili hizo zinabadilisha kila kitu: pigo la kawaida hapa kwangu, kule linakuwa refu na linadai mkono uliozoea. Huwezi kuuzoea umbali ambao hujawahi kusimama mbele yake.

Baraza la Michezo la Taifa lipo kwa sheria ya mwaka 1967, na maofisa michezo wapo kwenye halmashauri. Naomba ofisi yako iwaelekeze kusajili vyumba vya pool visivyouza kileo kama sehemu za mazoezi, vikaguliwe, vipewe saa za mchana, na asiyefuata masharti afungiwe. Nitakuwa wa kwanza kupanga foleni. Na kama bajeti itaruhusu, meza moja tu ya futi tisa katika ukumbi wa umma, kwa mkoa wowote utakaoona unafaa. Tutaifuata kwa basi.

Ukija Mwanza, karibu Igoma. Fimbo na mipira nitaazima kwa jirani, na nitakwenda mwenyewe kumwomba mama yake amlete, umwone akiisimamisha nyeupe kwenye alama ya chaki.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa pool, Igoma