Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu: mashine inayoamka 2009

Chake Chake, Pemba

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Assalaam alaykum.

Mimi ni karani wa masjala katika afisi moja ya umma hapa Chake. Jina la afisi nimeliacha makusudi, sitaki wenzangu wanyooshewe kidole peke yao. Nimeshaandika madokezo matatu kupitia kwa mkuu wangu, na yote yamerudi na maneno yale yale: "Suala limepokelewa." Ndio maana leo nakuandikia hadharani.

Niruhusu nianze na saa. Juu ya meza yangu ipo kompyuta ya Windows 7. Mpaka wiki iliyopita, kila umeme ukikatika, mashine ile ilikuwa ikiwashwa inaamka tarehe 1 Januari 2009. Ndani yake mna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayoishikia saa wakati umeme haupo, na betri hiyo ilishakufa zamani. Ukisikia utacheka. Lakini kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na mashine inayoamini tuko 2009 huviona vyeti vyote vya leo kuwa bado havijazaliwa. Basi inakataa kufungua. Umeme ukikatika usiku, kazi yangu ya kwanza asubuhi ilikuwa kuiregesha mashine kwenye mwaka wetu, na watu wamo kwenye foleni.

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja kutoka Micheweni. Kapanda gari ya alfajiri, anafuatilia karatasi za marehemu mkewe. Nikarekebisha tarehe, nikaingia kwenye mfumo. Safari hii tarehe haikuwa na neno. Kilichogoma ni kivinjari, kinaniambia toleo langu limepitwa na wakati. Kivinjari chenyewe ni Chrome ya Google, na Google iliacha kutoa matoleo yake mapya kwa Windows 7 mwanzoni mwa 2023. Sisi tumebaki na lile la mwisho, na kila siku zikienda, tovuti zinazolikubali zinapungua. Mzee yuko kwenye benchi, ananitazama. Nikatoa simu yangu, nikatumia bando langu, nikajaza taarifa za marehemu kwa kidole gumba juu ya kioo kilichopasuka. Dakika arobaini. Tulipomaliza akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hiyo kubwa hapo mezani ni ya nini?"

Sikumjibu. Na hapo bado hatujauliza taarifa za marehemu yule zina kazi gani ndani ya simu ya karani.

Mheshimiwa, Windows 7 ilitoka Oktoba 2009. Microsoft, kampuni iliyoitengeneza, iliacha kuitolea viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya wanayopitia wahalifu, 14 Januari 2020, siku mbili baada ya sherehe zetu za Mapinduzi. Mashine tunazoziita "mpya", zile za Windows 10, zamu yao ilifika 14 Oktoba 2025. Ilikuwa Siku ya Nyerere, afisi zimefungwa. Tuliporudi kazini kesho yake kila kitu kilikuwa vile vile, zinawaka, zinachapisha, na hapo ndipo tunapodanganyika. Kila nikilileta suala hili naambiwa, "Madhali inawaka, ina nini?" Ngalawa isiyokalafatiwa nayo huelea, siku ya kwanza.

Ijumaa ya 12 Mei 2017 kilitoka kirusi kilichoitwa WannaCry. Kilikuwa kikipita kutoka mashine hadi mashine chenyewe, bila ya mtu kubofya chochote, kinafunga mafaili na kudai dola 300 kuyafungua. Kilizikuta zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Miadi inayokadiriwa kufika 19,000 ilifutwa. Linaloniuma ni kwamba dawa ilikuwepo. Microsoft ilitoa kiraka tarehe 14 Machi, takriban miezi miwili kabla, na nyingi katika mashine zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inahudumiwa. Wenyewe hawakukiweka tu. Sisi wa Windows 7 leo hata hicho kiraka cha kupuuza hatuna.

Sasa, wapo wanaosema haya ni uvivu wa watumishi. Mimi sikubali. Naona tatizo limo kwenye daftari la mali. Kompyuta zetu zililetwa na mradi. Zikabandikwa namba, zikaandikwa baina ya kabati la chuma na viti vya wageni, na toka siku hiyo zikawa samani. Gari la afisi lina kasma ya mafuta, ya matairi, na ya sevisi, kwa sababu kila mtu anajua gari linachakaa. Kompyuta haina kasma hata ya betri ya saa. Mradi umekwisha, waliotuletea wamekwenda zao, na kibandiko chao kwenye mashine kimefifia hadi hakisomeki.

Kuna hofu pia, na hofu hii ina haki yake. Programu yetu ya kusajili mafaili ilitengenezwa na mtaalamu wa ule ule mradi. Inakubali Windows 7 tu. Mwenyewe namba yake haipatikani tena, na kumbukumbu za miaka minane zimo humo. Mkuu wangu akisikia neno "kubadilisha" huona miaka minane inazama Mkondo wa Pemba, na sithubutu kumlaumu. Lakini dawa yake ipo. Kumbukumbu zinakiliwa kwanza kwenye diski mbili, moja ikae afisi nyengine kabisa. Kisha mashine ile moja ikalishwe eda: waya wa mtandao uchomolewe, isitiwe flashi ya kila mpita njia, na kazi yake iwe hiyo moja tu mpaka apatikane wa kuihamisha programu. Hilo halihitaji zabuni, wala kamati.

Zile nyengine tunazo kumi na mbili, za Windows 10. Kwa mashine ya afisi, Microsoft inauza nyongeza ya viraka kwa dola 61 mwaka wa kwanza, 122 wa pili na 244 wa tatu. Piga hesabu kwa mashine zetu: miaka mitatu ni dola 5,124, na mwisho wake bado unazo mashine zile zile kuukuu. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama na prosesa ambazo nyingi katika zetu hazina. Fundi wa mtaani atakwambia anaweza kuipenyeza kwa nguvu. Anaweza kweli, ila Microsoft haitoi dhamana kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata viraka, kwa hiyo tutakuwa tumerudi pale pale.

Ushauri wangu ni huu. Zile nne zinazofaa zipandishwe Windows 11. Zilizobaki ziwekewe Ubuntu, mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao ni wa bure na matoleo yake ya muda mrefu hupewa viraka kwa miaka mitano. Gendarmerie, jeshi la polisi la Ufaransa, inaitumia kwa makumi ya maelfu ya mashine, basi masjala ya Chake haitoshindwa. Sitokuficha, kutakuwa na malalamiko. Fomu zetu za Word zikifunguliwa humo mistari itasogea, jaduweli zitavunjika, na wiki mbili za mwanzo simu yangu haitopumzika. Niko tayari kuipokea.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Ninachokuomba ni kasma moja, ndogo, yenye jina lake, na safu moja zaidi katika daftari la mali: tarehe ambayo viraka vya kila mashine vinakwisha. Tarehe hizo hutangazwa miaka mingi kabla. Anayezijaza akiwa mimi, nitazijaza kwa siku moja.

Ile betri ya saa nimeinunua mwenyewe wiki iliyopita, dukani, kwa fedha zangu. Mashine sasa inajua ni mwaka gani. Risiti nimeiambatanisha na dokezo la nne.

Wako mtiifu,
Karani wa masjala