Wachimba kisima, baba?

Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa michezo. Najua ni milki ya mpira wa miguu, nami sina ugomvi nao.

Mimi ni seremala, mkaazi wa Kikwajuni, umri umeshapita hamsini. Gofu nimeianza ukubwani. Nilikwenda kutengeneza makabati kwenye hoteli moja yenye kiwanja cha kupigia mipira ya mazoezi, na kazi ilipokwisha nikaruhusiwa kuja jioni, nilipie ndoo yangu ya mipira kama wengine. Miezi minane nilipiga ndoo mbili kila Jumapili. Viganja vikatoka malengelenge, na mpira ukawa unapinda kulia tu, kwenye minazi, kama unaitwa huko. Kila niliyemuuliza alinipa dawa ileile: "Piga mingi, ami, utazoea." Nikazoea kweli, ila nilichozoea ni kosa.

Siku moja nikalaza rula yangu ya mita mbili mbele ya vidole vya miguu, nikarudi nyuma kuitazama. Aibu! Mimi mtu wa kupima pembe nimesimama nimeelekea kushoto kabisa ya bendera ninayoilenga. Nilijipanga vile nikidhani nafidia mpindo, kumbe ndio nauongeza. Mpira huanzia karibu na kule uso wa fimbo unakotazama, kisha hupinda kuikimbia njia iliyopita fimbo. Uso wa fimbo yangu umefunguka kulia kuliko njia, njia inavuta kushoto, sasa mpira ufanye nini? Nikauzungusha mkono wa kushoto kwenye mpini mpaka nikaona vifundo viwili, nikalegeza na vidole. Tezo mtu haishiki kama anayemnyonga mwizi. Fimbo ya gofu sijui kwa nini niliishika hivyo.

Lakini kubwa zaidi nimelipata pwani ya Mbweni, bila ya mpira hata mmoja.

Kiwanjani tunasimama juu ya busati la nyasi za plastiki, na busati hilo linadanganya. Fimbo ikigonga vidole vinne nyuma ya mpira, inateleza, mpira unaruka, nawe unajiona bingwa. Pigo hilohilo kwenye nyasi za kweli linang'oa bonge la udongo na mpira hauendi popote. Basi alfajiri, maji yamekupwa, nikachora mstari kwenye mchanga mbichi, nikauweka katikati ya miguu badala ya mpira na kuzungusha chuma namba 7, fimbo ya masafa ya kati. Alama ya fimbo ikiwa mbele kidogo ya mstari, mpira ungeguswa kwanza. Nilipiga mara kumi, nikaacha mashimo kumi, yote nyuma ya mstari. Bibi mmoja aliyekuwa anakwenda kuokota chaza akasimama akanitazama: "Wachimba kisima, baba?"

Ugonjwa wangu ulikuwa kuegemea mguu wa kulia nikitaka kuunyanyua mpira. Uzito ukishahamia kushoto kabla fimbo haijafika chini, fimbo yenyewe inaunyanyua. Ilinichukua wiki kadhaa mashimo kuuvuka mstari. (Ile fimbo ndefu ya kuanzia ni habari nyengine, mpira wake hukaa juu ya kijiti.)

Siku hizi ndoo moja inanitosha, na mara nyengine inabaki. Kila mpira nauchagulia mnazi wake na fimbo nabadilisha, maana mchezoni hakuna atakayekupa chuma namba 7 mara arubaini mfululizo. Bado napinda, lakini minazi imepumzika.

Ombi langu ni kwa wanaosimamia viwanja vyetu vya mjini. Gofu ilikuwa ikichezwa Mnazi Mmoja zama za Muingereza. Sisemi irudi pale, vijana wa mpira watatufukuza kwa mawe, na watakuwa na haki. Naomba kona moja tu ya kutungika wavu, kwa sababu mwenye wavu anahitaji hatua chache, na vijana wetu wasio na nauli ya kwenda hotelini wala pesa ya ndoo wangepata pa kuanzia. Wavu wenyewe usiwe jarife: mpira wa gofu una upana wa milimita 42.67, utapita kama dagaa. Uwe wa matundu madogo, na utungikwe ulegee, ili mpira ukifika uanguke papo hapo. Nguzo na kazi ya kuzisimamisha ni juu yangu.

Seremala wa Kikwajuni,
Unguja.