Barua kwa mwanangu: Sekunde 32 kabla ya mstari wa tatu

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza Lightnin' Hopkins wa Texas, yule mwimbaji wa bluzi (muziki wa Wamarekani weusi), aliwezaje kukaa na gitaa akaimba kisa ambacho dakika moja kabla hakikuwapo. Zisikilize nyimbo alizorekodiwa na mtafiti wa muziki Samuel Charters mwaka 1959, chumbani Houston: sauti moja, gitaa moja. Tega sikio hasa pale anaponyamaza.

Ubeti wa bluzi una vipimo 12, kila kimoja mapigo 4. Mstari wa kwanza unaimbwa, unarudiwa, kisha wa tatu unaujibu, ukiishia kwa kina kilekile. Kila mstari una vipimo 4: sauti huchukua kama 2, gitaa linajibu katika 2 vinavyobaki. Ukipiga polepole, mapigo 60 kwa dakika, tangu kuanza mstari wa kwanza hadi kufika wa tatu ni sekunde 32. Ni muda mwingi sana, ilimradi mkono uwe unajiendesha. Kwa hiyo zizoee kwanza kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) za E, A na B7. Gumba lidunde nyuzi za besi bila kukoma, kidole cha shahada kijibu kwenye nyuzi nyembamba. Usitunge neno hata moja mpaka uweze kuzungumza na mtu huku gumba likiendelea. Wengi hukwama hapa: akili ikitafuta neno, gumba linasimama, wimbo unakufa.

Kisha tunga kinyumenyume. Amua mstari wa tatu utaishia neno gani, ndipo utafute wa kwanza:

Maji yamejaa jikoni, sufuria zinaelea,
Maji yamejaa jikoni, mama, sufuria zinaelea,
Paka kapanda mezani, hana pa kutokea.

Vina vya -ea, -ani na -oni vina maneno tele. Ukimalizia na "chumvi" umejifunga mwenyewe. Tena imba kinachoonekana kwa macho, kama huyo paka. "Nina huzuni" haizai mstari unaofuata.

Neno likichelewa, usilikimbilie. Baki kwenye E kipimo kimoja zaidi. Hopkins alibadili kodi pale kisa kilipotaka, ndiyo maana wapiga besi na ngoma walitaabika kumfuata. Ukiwa peke yako, ni ruhusa. Ukiwa na wenzako, waambie mapema wautazame mkono wako wa kushoto, wasihesabu.

Rekodi beti 5 kuhusu chochote kilicho mezani kwako, unitumie. Ukikosea, usifute.

Mama yako