Kuhusu goti la Mudi

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Ndugu yangu Haji,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, mama naye kapata nafuu, anakusalimu na anamuulizia pweza wake. Najua nimekaa kimya tangu Iddi, uniwie radhi. Leo usingizi umenikataa kwa ile habari kwamba umemwambia Mudi achague moja, mpira au ngalawa.

Haji, mimi naona umeshika pasipo. Tatizo la mtoto yule ni goti.

Siku ile ya mashindano nilikuwa nimesimama pale ufukweni. Ngalawa ilipofika wenzake waliruka majini wote kwa pamoja. Yeye alishuka polepole, mguu wa kushoto kwanza, mkono kaukandamiza juu ya paja la kulia, na chini yake kafunga kipande cha kanga kilicholowa. Nilipomuuliza akacheka, "Maji ya chumvi yatalimaliza, ami." Kesho yake akacheza dakika tisini, nawe ulikuwapo ukishangilia. Nami nilishangilia.

Unamkumbuka maalim wetu wa Jiografia, Mungu amrehemu, na hadithi zake za Denis Compton? Tukidhani anatia chumvi. Wiki hii nimekaa nikasoma maisha ya yule bwana, na maalim hakutia chumvi hata chembe. Winga wa kushoto wa Arsenal, na kiangazi mpiga kriketi wa Middlesex na Uingereza. Vita vilimla miaka yake mizuri. Alipelekwa India, na huko huko akaichezea timu ya Holkar fainali ya Ranji Trophy, kombe la kriketi la India, akapiga mikimbio 249 (ndiyo alama za kriketi) bila kutolewa. Aliporudi nyumbani, msimu wa 1947 peke yake alipata mikimbio 3,816 na mara 18 akafikisha mia au zaidi kwa zamu moja. Hakuna aliyewahi kufikia hapo kwa msimu mmoja. Kriketi ikaisha, akavaa viatu vya mpira, na msimu wa 1947/48 Arsenal ikachukua ubingwa wa ligi. Nani angemwambia mtu kama huyo achague?

Ila hadithi yenyewe iko kwenye goti, na hapo ndipo maalim alipokuwa akitupitisha haraka. Mwaka 1938 aligongana na kipa wa Charlton, akaumia goti la kulia. Kijana bado, akaendelea. Baada ya ule msimu wa 1947 likaanza kumtesa kwelikweli, likivimba, likipasuliwa, na yeye akirudi uwanjani. Mwaka 1950, nusu fainali ya Kombe la FA, Chelsea wanaongoza mbili. Arsenal wakarudisha moja, kisha Compton akaenda kupiga kona. Kaka yake Leslie, beki wa kati, akapanda mbele, na nahodha Joe Mercer akawa anampungia mkono arudi nyuma. Hakurudi! Mdogo kapiga kona, mkubwa kaweka kichwa, mbili kwa mbili. Waliporudiana Arsenal wakashinda, na kwenye fainali Wembley wakaifunga Liverpool 2–0. Nilipofika hapo nilisimama peke yangu sebuleni, Haji, kama nimeiona.

Na hiyo fainali ndiyo iliyomfungia mpira. Miaka 31 tu. Alibaki na kriketi, na mwaka 1955 madaktari wakaiondoa kabisa pia ya goti lake. Mwaka uliofuata akatoka kuwakabili Waaustralia pale uwanja wa The Oval, London, bila pia ya goti, akapiga mikimbio 94. Watu husimulia hiyo kama sifa, na ni sifa. Lakini mimi tangu juzi nafikiria maumivu aliyoyabeba tangu ujana, na namwona Mudi na kile kipande cha kanga.

Utaniambia kriketi si tanga, kwamba baharini mtu anakaa tu. Wewe uliyezaliwa Nungwi huwezi kusema hivyo kwa dhati. Upepo ukikaza, anayepanda mrengu, ule mti wa ubavuni, kuizuia ngalawa isilale anashikilia kwa nini kama si mapaja na magoti? Kuna Mdenmark mmoja, Paul Elvstrøm, alichukua dhahabu nne za Olimpiki mfululizo kwa mashua za tanga, 1948 mpaka 1960. Yeye alijitengenezea benchi nyumbani, akawa anajining'iniza hapo kama yuko chomboni, ili miguu izoee. Kwa hiyo hata ukimwondoa mpirani ukamwachia bahari, goti litakuwa lile lile, na kazi ile ile.

Basi ombi langu ni hili. Mwache Mudi avipende vyote viwili. Mlete huku kabla kusi halijakaza, alale kwangu, nami nitampeleka kwa daktari wa mifupa mwenyewe. Nauli ya boti ninayo, usinibishie. Yule mkandaji aliyemvuta mguu mara tatu, nakusihi, asimguse tena.

Sijui kama nimevuka mpaka. Yule mtoto nilimbeba begani siku ya…, ah, unajua siku gani.

Sasa nijibu. Goti linavimba jioni tu au hata akiamka? Linagoma kukunjika? Aliumia lini hasa, ni lile pambano la Mkwajuni au kabla? Mama yake anajua? Na wewe, ulipomwambia achague, alijibu nini? Alinyamaza? Mechi ya Jumamosi kapangwa? Kama kapangwa, utamzuia au nimpigie mimi?

Wasalimie wote, na mwambie shemeji simu yangu sasa iko wazi usiku.

Ndugu yako,
Suleiman